Nimepangiwa kozi ya kupanda na kupekua meli, vidole vinanisaliti kwenye ngazi. Aliyeipitia anisaidie (Tanga)

Mtoto wa Sahare

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Kijana wenu ni wa hapa Sahare, Tanga. Niko kwenye moja ya vyombo vyetu vya ulinzi majini, msinibane nitaje kipi. Nimepangiwa kozi ya timu ya kupanda meli. Kwa wasioijua, ni ile kazi ya kuifuata meli au jahazi na boti ya mpira, mnapanda, mnawakusanya mabaharia sehemu moja, mnakagua karatasi, mnapekua, na likiwepo la kukamata mnakamata. Kozi haifanyiki Tanga, na nasikia wakufunzi watakuwa mchanganyiko, wa kwetu na wageni.

Maji siyaogopi. Marehemu baba alikuwa mvuvi, nimeanza kupiga mbizi kabla sijaanza shule. Kinachonitesa ni ngazi. Mwezi uliopita tulipelekwa kwenye meli ya mzigo iliyokuwa imetia nanga nje ya bandari, tupande kwa ngazi ya kamba kujionea tu. Bahari imelala kabisa, hata upepo hakuna. Nilipofika katikati mikono ikagoma. Pumzi ninayo, miguu mizima, ila vidole vimekataa kufunga, kama mtu aliyetoka kukamua mablanketi ya nyumba nzima. Nikamalizia kwa kuikumbatia kamba kwa viwiko huku mwenzangu wa chini ananisukuma kwa kofia yake. Na hapo sikuwa nimebeba hata chupa ya maji!

Sasa waliotangulia wanasema kule unapanda na fulana ya kuzuia risasi, kofia ngumu, silaha, redio na makorokoro mengine. Halafu kuna siku ya kupuliziwa pilipili machoni. Mmoja aliniambia alilia mpaka akamtaja bibi yake aliyefariki.

Naomba ushauri. Kwa muda huu mfupi nifanye zoezi gani la maana? Nikimbie ufukweni? Nikanyanyue vyuma pale Ngamiani? Na ni kweli ukishindwa ngazi siku ya kwanza wanakurudisha? Maana mama ameshawatangazia majirani wote, nikirudishwa sijui nitaingia mtaani kwa njia gani.

---

Kuli Mstaafu

Pole mwanangu. Ingia usiku.

Nimekutania. Ila mnatuchekesha sisi tuliofanya kazi bandari ya Tanga kabla haijachimbwa kina. Siku hizi wamefika mita 13 na meli zinafunga gatini, kazi imekuwa ya kistaarabu. Enzi zetu meli inatia nanga kule nje, mzigo unashushwa kwenye matishari, na makuli tunapandishwa toka kwenye tishari kwa ngazi hizohizo za kamba, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Wengine na kandambili mdomoni. Hakuna aliyepuliziwa pilipili. Mzee mmoja wa kutoka Tongoni alikuwa anapanda na kibakuli chake cha chai na hakimwagiki.

Siri yake nilimuuliza. Akasema, "Mimi napanda kwa magoti, mikono nimeiweka akiba ya kula."

---

Ngazi Kamba

Mtoto wa Sahare, marahaba.

Nimekuwa kwenye timu hizo miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Sasa nafuga kuku Mwahako na kusumbua vijana mtandaoni. Kikosi changu sitakitaja, na wewe endelea kutotaja chako.

Huyo mzee wa Tongoni aliyetajwa na Kuli angekuwa mkufunzi mzuri. Uliyoyapata kwenye ile meli ndiyo yanayowaangusha wengi, na huwaangusha hasa wenye vifua vipana. Chuma cha Ngamiani ni kikavu, kimetulia, unakishika unavyotaka. Kamba ya ngazi imelowa, ina chumvi, inazunguka, na meli nayo inalala ubavu huu na ubavu ule. Nguvu ya bega haikusaidii kama kiganja kimefunguka.

Kwa hiyo achana na vyuma kwa sasa. Tanga hii ya mkonge huwezi kukosa kamba nene ya katani. Ifunge kwenye tawi la mwembe, ilowanishe, ning'inia mikono imenyooka mpaka vidole viachie vyenyewe. Pumzika, rudia. Usianze kwa kupanda, ning'inia tu. Ukitoka hapo chukua ndoo mbili za maji, uzishike kwa ukingo badala ya mkono wa ndoo, utembee nazo mpaka kwa jirani na kurudi. Majirani watauliza maswali, si wameshatangaziwa? Mbio kimbia, lakini mbio hazijawahi kumpandisha mtu ngazi.

Sasa namna ya kupanda. Mikono ishike kamba za pembeni, usishike vipandio. Kipandio kinaweza kugeuka au kuvunjika, kamba ya pembeni itabaki nawe. Mwili uwe karibu na ubavu wa meli, na kazi ya kunyanyua uiachie miguu. Nakuhakikishia ulikuwa umejitenga na ngazi, makalio yako nje, unajivuta kwa mikono. Kila anayeanza anafanya hivyo kwa sababu anataka kuona anapokwenda. Tazama ukuta wa meli ulio mbele ya pua yako, inatosha.

Kuna ngazi nyingine hujaionyeshwa bado. Ni nyembamba, ya waya, upana wake buti moja linaingia kwa shida. Hiyo timu inaibeba yenyewe na kuitundika juu kwa ndoano iliyo kwenye mti mrefu, pale ambapo wa melini hawajakushushia ngazi yao. Ukiipanda kwa mbele kama ngazi ya kawaida, miguu inakimbilia chini ya meli na wewe unabaki umelala chali juu ya maji na mzigo wote mgongoni. Inapandwa kwa ubavu wake, kisigino kinaingia kwa nyuma. Siku ya kwanza utaichukia. Itundike ile kamba yako mahali isiposhika ukuta uzoee kitu kinachocheza.

Halafu kuna kuvuka toka boti kwenda kwenye ngazi, na hapa nisikilize vizuri maana ndipo penye hatari kuliko kote. Boti inapanda na wimbi na kushuka nalo. Kusi ikichanganya kwenye mkondo wa Pemba, inapanda na kushuka zaidi ya kimo chako. Ngazi unaishika boti ikiwa juu kabisa ya wimbi, na ukishaishika unapanda hatua tatu nne papo hapo bila kuwaza. Ukikawia kujiweka sawa, wimbi linalofuata linairudisha boti ikute miguu yako bado iko pale, kati ya mpira na chuma. Nimeona mguu uliobanwa namna hiyo na sitauelezea. Nahodha mwenye nia njema anageuza meli ili mpande upande wa demani, kwenye kivuli cha upepo. Asiye na nia njema hageuzi kitu.

Na urefu wenyewe, kwa marubani wa bandari kanuni za kimataifa zinasema sitaha ikizidi mita 9 toka majini, ngazi ya kamba lazima iunganishwe na ile ngazi ya mlalo ya meli. Timu ya kupekua hiyo ni anasa, mara nyingi mnapanda kilichopo. Meli isiyo na mzigo inakaa juu, utadhani umefika kumbe uko nusu.

Maji: umekulia baharini, vizuri, lakini wavuvi huwa wanapata mshangao. Wewe umezoea kuogelea kwenda mahali. Kule utatupwa na nguo, buti na fulana, na hakuna pa kwenda, unakaa palepale na kichwa kiwe nje mpaka mkufunzi amalize hadithi yake. Fulana ina mkanda wa kuvuta unaoiachia yote mara moja. Mkono wako uujue huo mkanda ukiwa umefumba macho, ukiwa kichwa chini, ukiwa umekasirika. Nenda Raskazone ukae kwenye kina na suruali ya jinzi na raba, utaelewa nasema nini.

Pilipili nayo wanaisimulia vibaya. Inakuja ya rangi ya chungwa, ina mafuta, wanakupitishia usoni toka jicho moja hadi jingine. Kwa muda mfupi hakuna kitu, unajiambia mbona hivi hivi tu. Halafu macho yanajifunga. Huyafungi wewe, yanajifunga, na hayasikii amri. Pua inafunguka yote. Kifua kinakudanganya kwamba hupati hewa, na hewa unaipata. Hapo ndipo wanakuita kituo cha kwanza. Kuna mtu ameshika mto wa mazoezi anakujia. Unalifungua jicho moja kwa vidole umwone, unampiga kwa kirungu sehemu zinazoruhusiwa, huku unampigia kelele arudi nyuma, alale chini, mikono ionekane. Kituo kingine mtu anakuja kukuvuta silaha kiunoni. Cha mwisho unamlaza mtu, unamfunga pingu, unaiangalia kama haijambana kupita kiasi.

Vijana wanafikiri wanapimwa kuvumilia maumivu. Wakufunzi wanasikiliza sauti yako. Je, amri bado zinaeleweka au umebaki kunguruma? Na yule wa mto akishalala chini, umeacha kupiga? Niliwahi kuona mtu mwenye nguvu kuliko sisi sote ameambiwa arudie siku nyingine kwa sababu alipiga pigo moja la ziada kwa mtu aliyelala.

Baada ya hapo maji mengi ya baridi, simama kwenye upepo, usisugue. Ngozi, si macho, ioshe kwa sabuni ya vyombo, inakata yale mafuta. Na jioni, tafadhali sana, usisimame chini ya bomba ukaoga kama kawaida. Pilipili imekaa kwenye nywele, inashuka na maji mpaka inafika sehemu ambazo hukuzitarajia. Inama mbele, osha kichwa peke yake kwenye ndoo kwanza. Kwenye kundi letu hatukuambiwa, na bweni zima lilijua nani ameingia kuoga.

Mazoezi ya ndani, yaani kutembea kwenye vikorido na kufungua vyumba, watakufundisha wenyewe kwenye makontena, huwezi kujiandaa ukiwa nyumbani. Jua tu usigande mlangoni. Ama uko ndani ama uko nje.

---

Fundi wa Mashine

Nimesoma kwa raha. Mimi ni mtoto wa Chumbageni, nimezeeka kwenye vyumba vya mashine za meli za watu. Nitoe maoni ya upande wa pili maana mimi ndiye niliyekuwa nakusanywa.

Miaka ile ya maharamia wa Kisomali tulikuwa tunazungusha seng'enge kwenye reli na kuweka walinzi wa zamu kutazama nyuma. Boti ya kasi yenye watu wenye bunduki ikikujia, baharia hana namna ya kujua kwamba wewe ni serikali. Jitambulisheni redioni, chaneli 16, mapema, na mnyamaze mjibiwe. Nahodha mmoja wa kwetu aliitwa na timu moja (siitaji) ambayo wote walikuwa wanaongea kwa pamoja. Akaongeza mwendo. Ungekuwa wewe?

La pili linaua watu. Kuwa na bunduki hakukupi ruhusa ya kuingia kwenye tangi au shimo lililofungwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kutu inakula oksijeni, kwa hiyo chumba cha chuma kilichofungwa muda mrefu kinaweza kuwa kitupu, kisafi, hakina harufu yoyote, na ukishuka hatua chache unaanguka. Kwenye ngama ya meli ya uvuvi, yaani kule chini kabisa yanakotuama maji, samaki na maji machafu vikioza vinatoa gesi yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, inaua pua kwanza, harufu inapotea unadhani imeondoka. Mara nyingi maiti ya pili ni ya mtu aliyemfuata wa kwanza kumwokoa. Dai kipimo cha hewa. Kama hakipo, fungueni, pulizeni hewa, subirini. Mzigo haukimbii.

Na mkitaka kujua palipofichwa kitu, acheni kuvuruga magodoro. Njooni chini kwetu na futi na ramani ya meli. Pimeni chumba kwa ndani, pimeni kwa nje, kama unene wa ukuta hauingii akilini gongeni. Tafuteni boliti zinazong'aa kwenye bamba lenye kutu, rangi mbichi sehemu ambayo hakuna sababu ya kupaka, tangi ambalo kipimo chake na daftari la mafuta havikubaliani. Ile meli ya Al Noor iliyopelekwa Mombasa mwaka 2014 walikuta zaidi ya kilo 300 za heroini, na sehemu ya kuficha ilikuwa tangi la dizeli. Wakenya wakaenda kuilipua baharini mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Mwenye chombo alijua hakuna anayependa kuingiza mkono kwenye dizeli.

Vaa glavu. Mabomba ya kule chini yanaunguza hata kama mashine imezimwa.

---

Nahodha wa Kigombe

Asalaam aleikum. Mimi si mwandishi, mwanangu ndiye ananiandikia hapa.

Mnaongea meli kubwa, sisi wa majahazi na mashua mmetusahau. Kaskazi iliyopita tumesimamishwa na watu wa doria, siwataji, tunatoka kuvua, tumejaza. Vijana wazuri, wana afya, wamepanda upesi hata ngazi hawakuitaka. Lakini hapakuwa na salamu. Wameingia na mabuti juu ya nyavu. Barafu yote ikatolewa ikamwagwa sitahani, samaki juu yake, jua la saa saba. Wakashuka ngamani, wakaingia feuli, stoo ya chombo, wakatoboa mpaka gunia la mchele wetu wa kula. Hamna kitu. Wakaondoka zao. Changu pale walikuwa wa kupeleka soko la samaki la Deep Sea jioni ile, nimeuza kwa bei ya kutupa.

Sikatai kupekuliwa. Wenye baruti wametuharibia miamba na sisi ndio tunaowapigia simu hao hao wa doria. Sasa ukishamwagiwa samaki mara moja, simu ya pili unaipiga kwa moyo gani? Huyo kijana wa Sahare baba yake alikuwa mvuvi, anajua samaki mmoja ni shilingi ngapi. Kozini mwulize mkufunzi: barafu nani anarudisha?

---

Mtoto wa Sahare

Nawashukuru sana wazee wangu. Mzee Nahodha, pole, nimekuelewa na nitamuuliza.

Kamba nimeshaifunga kwenye mwembe wa bibi. Mengine mawili tu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na wakufunzi wageni wapo, itakuwaje redioni? Na kuna somo la sheria wenzangu wanasema linachosha kuliko kwata, je, lina mtihani?

---

Ngazi Kamba

Nianze na Nahodha. Wa aleikum salaam mzee wangu, na pole kwa hasara. Uliyosema ni haki. Utaratibu upo: mwenye chombo au mtu wake anasimama pale panapopekuliwa muda wote. Barafu inafanyiwa kazi nusu nusu, upande mmoja umefunikwa, mwingine unapekuliwa, kisha unarudishwa. Kabla ya kugusa mnapiga picha, mkimaliza mnapiga nyingine, na kama kuna kilichoharibika kinaandikwa na pande zote mbili zinatia sahihi. Gunia linatobolewa likiwa na sababu. Wasiofanya hivyo wanajiita wana haraka. Sababu wakati mwingine ipo kweli: Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikuta kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya, si mbali na sisi, na zilikuwa zimechanganywa na mifuko ya saruji. Mfuko mmoja mmoja ulifunguliwa. Lakini saruji haiozi, na wewe ulikuwa na changu.

Mtoto wa Sahare, Kiingereza kisikutishe. Redioni maswali hayabadiliki: jina la meli, bendera, bandari uliyotoka, unakokwenda, mzigo gani, mabaharia wangapi, kuna silaha? Yakariri yatoke yenyewe. Nusu ya mabaharia utakaowakuta Kiingereza chao ni kibovu kuliko chako. Kwenye majahazi yanayotoka kaskazi huko, Kiswahili na salamu ya Kiarabu vitakufikisha mbali kuliko mgeni yeyote na Kiingereza chake. Nimeshuhudia wakufunzi wa kizungu kwenye Cutlass Express, yale mazoezi ya majini ya Wamarekani na nchi za huku yaliyoanza 2011, wakihangaika na ishara za mikono mpaka kijana wa Pemba akasema maneno mawili na watu wakakaa chini.

Somo la sheria linachosha na mtihani lina. Usilale.

Huwezi kupanda meli yoyote unayoitamani. Ndani ya maili 12 za bahari ni kwetu. Hadi maili 200 tuna haki juu ya samaki na rasilimali nyingine, si juu ya kila kinachopita. Nje ya hapo meli ni ya nchi ya bendera yake, na mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, ibara ya 110, unataja sababu chache za kuipanda bila ruhusa ya nchi hiyo: uharamia, biashara ya utumwa, chombo kisicho na utaifa, na nyingine mbili utazisoma. Ibara ya 111 ni ya kufukuza. Wewe wa Tanga inakuhusu sana, kwa sababu ukianza kumfukuza mtu nje ya Moa akavuka Jasini akaingia maji ya upande wa Vanga, haki yako ya kumfukuza imekwisha palepale. Hata kama unamwona. Hata kama anakupungia mkono. Unaita redioni Wakenya wampokee.

Na karatasi. Wote mnawakumbuka samaki wa Magufuli. Meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa Machi 2009, yeye akiwa waziri wa uvuvi, kwenye eneo letu la bahari, karibu tani 300 za samaki, nchi nzima ikashangilia, mahospitali na magereza yakala jodari. Mwaka 2012 washtakiwa wawili wakatiwa hatiani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu kwa kasoro za kisheria. Waliopanda meli ile kazi yao waliifanya, kesi ikafia ufukweni. Ndiyo maana mkufunzi wa sheria atakusumbua na saa: mlipanda saa ngapi, mlikuwa wapi kwenye ramani, nani wa kwanza kukiona, nani alikibeba, mfuko una lakiri namba ngapi, ulikabidhiwa kwa nani. Ukisema "tulikuta mzigo" wakili atakuuliza "mlikuta" ni nani, na utabaki unatazama dari. Nunua daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino ikilowa imekwisha, penseli inaandika hata kwenye karatasi mbichi.

Kurudishwa siku ya kwanza kwa sababu ya ngazi, hapana. Utapewa nafasi nyingine, na utazomewa, basi. Wanaorudishwa haraka ni wa silaha: mdomo wa bunduki unapita kwenye mgongo wa mwenzako, au kidole kimelala kwenye triga wakati hakuna cha kulenga. Hapo hakuna "samahani afande".

Jambo ambalo hukuuliza ni kichefuchefu. Boti ya mpira ikisimama kusubiri amri, inacheza bila kwenda popote, moshi wa injini unarudi kwenu, na mnaweza kusubiri hivyo mpaka mchoke kuishi. Hata watoto wa wavuvi wanatapika. Kaa nyuma, karibu na mwendeshaji, kunarukaruka kidogo kuliko mbele. Tazama mstari wa bahari na mbingu, usiinamie buti zako. Tangawizi wengine inawasaidia, mimi haikunisaidia chochote. Kula kidogo asubuhi, ugali mkavu au mkate, usiende na tumbo tupu kwa kudhani utakosa cha kutapika.

---

Kuli Mstaafu

Na maharage usiguse.